Naomba ushauri: hoteli tulivu ya bei nafuu Westlands au Parklands kwa ajili ya mamangu

BinKisauni

Wanajukwaa, hamjambo. Nimekuwa msomaji wa kimya hapa kwa miaka kadhaa, na leo shida imenitoa mafichoni. Wiki ya tatu ya Julai nitamleta mamangu Nairobi kutoka Mombasa ili amwone daktari wa magoti katika hospitali moja ya Parklands. Ana umri wa miaka 71, anatembea kwa mkongojo, na tumeambiwa tujiandae kukaa usiku 8, kwa sababu kuna vipimo vya siku ya kwanza, majibu ya siku ya nne, kisha mazoezi ya viungo. Jamaa zetu wa Nairobi wanaishi Kayole na Githurai, nao wametukaribisha kwa moyo mkunjufu, lakini nyumba zao ziko ghorofani, na safari ya kuvuka jiji kila asubuhi itamchosha mama kabla hajamfikia daktari.

Uwezo wangu ni shilingi 5,000 kwa usiku, au 5,500 nikijibana, kwa chumba kimoja chenye vitanda viwili. Nahitaji lifti inayofanya kazi au chumba cha ghorofa ya chini, bafu ambalo mtu anaingia bila kuinua mguu juu ya beseni, maji ya moto alfajiri kwa kuwa mama huamka kutawadha, na chakula cha halali kisicho mbali. Zaidi ya yote nahitaji utulivu. Mwaka 2023 nilikuja Westlands kwa warsha ya siku tatu nikalala katika hoteli iliyosifiwa sana mtandaoni, na usiku wa Ijumaa niliiona glasi ya maji iliyokuwa kwenye meza ya kando ya kitanda ikifanya viwimbi kwa mdundo wa muziki wa jengo la pili. Nilihamisha glasi nikaiweka sakafuni, viwimbi vikanifuata huko huko.

Usiku wa tatu huu natazama picha za vyumba kwenye simu, na zote zimekuwa moja: shuka nyeupe, taulo mbili zilizokunjwa kama bata, na dirisha lililofungwa pazia. Pazia halifunguliwi kamwe katika picha hizo, na mimi ningependa sana kujua kuna nini nyuma yake. Wenyeji wa maeneo hayo, nianzie wapi? Je, nitafute Westlands penyewe au nijisogeze Parklands?


MwenyejiWaParklands

Karibu Nairobi, kaka, na umpe mama salamu zetu. Nimeishi Parklands miaka 19, kwa hiyo nivumilie nikirefusha maneno.

Wageni wengi husema Westlands kana kwamba ni mahali pamoja, ilhali ukitembea dakika kumi unavuka mitaa mitatu isiyofanana hata kidogo. Sehemu ya Woodvale Grove na Mpaka Road ni ya vilabu na mabaa. Hiyo Mpaka Road inaitwa hivyo, ila kelele zake hazina mpaka. Hoteli za huko ni nzuri kwa kijana aliyekuja kustarehe, na ninashuku kwamba ndiko ulikolazwa mwaka 2023. Oktoba 2022 Kaunti ilitangaza kufuta leseni za vilabu vya usiku vilivyo katika mitaa ya makazi, lakini mimi nisingeuweka usingizi wa mama juu ya tangazo.

Ukiziacha barabara hizo ukaelekea upande wa Highridge, unaingia katika zile avenyu za Parklands zilizopewa nambari, kuanzia First hadi Sixth. Huko miti bado ipo, usiku unasikia mbwa na mlinzi anayefungua geti, na hoteli ndogo za ghorofa tatu au nne zimejificha baina ya nyumba za familia na zahanati. Bei zake huwa chini ya zile za Westlands yenyewe kwa sababu hazina bwawa wala ukumbi wa mikutano, vitu ambavyo mama hatavitumia.

Hukutaja hospitali, nami sikuulizi. Ila kama ni Aga Khan, iko Third Parklands Avenue; na kama ni M.P. Shah, iko Shivachi Road. Hazitenganishwi na umbali mkubwa kwa mtu mwenye miguu mizima, lakini kwa mwenye magoti mabovu kila mita 300 zina thamani yake, basi tafuta hoteli ya upande wa hospitali yako na usikubali neno «karibu na hospitali» bila kuuliza ni hospitali ipi na karibu kwa miguu au kwa gari. Kuhusu chakula hutapata tabu. Diamond Plaza ina vibanda vya vyakula vya Kihindi na vya Kiswahili hadi usiku, na eneo zima limezoea wateja wanaouliza habari ya nyama kabla ya kukaa.


Mtanga wa Ngara

Bwana BinKisauni, kwanza nikupe tahadhari ya lugha, ingawa wewe ni mtu wa Pwani na huenda unaijua. Ukimwuliza kijana wa hapa mtaani «hoteli iko wapi», kuna uwezekano mkubwa akuelekeze mahali pa chai na chapati. Nilipofika kutoka Tanga nilizungushwa hoteli nne za ugali na maharagwe nikiwa na sanduku begani, mpaka mama mmoja muuza ndizi akanihurumia akasema, «Kumbe wewe wataka pa kulala!» Nami nikauliza gesti, akaniangalia vibaya zaidi, kwani neno hilo hapa lina sifa yake.

Tukirudi kwenye shida yako, Ngara ni rahisi kuliko Parklands na si mbali. Nimeona vyumba safi vyenye choo na bafu ndani kwa shilingi 2,500. Ila nasema ukweli: barabara ina magari hadi usiku wa manane, na majengo mengi hayana lifti. Kwa mzazi wangu nisingepachagua.


Mpokeaji wa Zamani

Nimefanya kazi ya mapokezi miaka sita katika hoteli mbili za jiji hili, na nimeacha, kwa hiyo naweza kusema.

Kwanza, hilo pazia. Hoteli yoyote yenye nia njema ina mhudumu mwenye simu. Piga, omba wakutumie video fupi kwa WhatsApp ya chumba chenyewe utakachopewa, na uombe waanze kwa kufungua pazia na dirisha, kisha waende bafuni, wafungue bomba la maji ya moto na kusubiri. Atakayekwambia kwamba vyumba vyote ni sawa amekujibu tayari, kwa maana hakuna jengo ambalo vyumba vyake vyote ni sawa. Kuna vya upande wa barabara, vya upande wa jenereta, vya juu ya jikoni, na vya kona ya nyuma ambavyo sisi wa mapokezi tuliviwekea wageni wa kurudi. Mgeni wa usiku mmoja aliyelipia mtandaoni usiku wa manane ndiye hupewa kilichobaki. Wewe unakaa usiku 8. Omba chumba cha nyuma kwa nambari, na nambari hiyo iandikwe kwenye ujumbe wa kuthibitisha.

Pili, piga simu ya pili Ijumaa saa nne usiku, usiku uleule uliokuumiza mwaka 2023. Uliza jambo lolote dogo, mathalani saa ya kifungua kinywa, na usikilize kilicho nyuma ya sauti ya mhudumu badala ya kumsikiliza yeye. Kama anapaza sauti ili umsikie, mama hatalala.

Tatu, maji ya moto. Hapa watu hudanganyika kwa sababu swali «je, mna maji ya moto?» jibu lake ni ndiyo kila mahali. Uliza yanapashwa na nini. Hoteli zinazotegemea mitambo ya jua pekee hupata taabu Julai, kwa kuwa mwezi huo anga la Nairobi hufunikwa na mawingu siku nzima, na maji yaliyopashwa mchana huwa yamekwishatumika au kupoa ifikapo alfajiri. Nyingine zina shawa ya umeme inayopasha maji papo hapo, ambayo swichi yake huwa nje ya mlango wa bafu, kubwa, yenye taa nyekundu. Mfundishe mama mapema kwamba bomba likifunguliwa sana maji hutoka baridi, na likifunguliwa kidogo huwa moto. Wageni wengi walikuwa wakinipigia simu ya malalamiko kwa sababu hiyo tu. Na umeme ukikatika shawa hiyo haifanyi kazi hata jenereta ikiwaka, kwani jenereta nyingi ndogo huunganishwa na taa na lifti peke yake. Boila ya gesi au ya umeme ya jengo zima ndiyo bora zaidi.

Kuhusu lifti, usiulize kama ipo, uliza kama jenereta inaiendesha. Na hata wakisema inaiendesha, omba ghorofa ya kwanza.

Sasa bei, kwa kuwa hapo ndipo pesa hupotelea. Uliza kama bei uliyotajiwa ina kodi ndani yake. Kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 16 na tozo ya utalii ni asilimia 2, na baadhi ya hoteli hutaja bei bila hizo. Chumba cha shilingi 5,000 kikawa 5,900 kwenye risiti, na kwa usiku 8 hiyo ni tofauti ya shilingi 7,200, yaani zaidi ya usiku mmoja mzima. Halafu taja kwamba wewe ni mkazi wa Kenya, maana bei za mtandaoni mara nyingi ni za wageni wa nje, nazo hupigiwa hesabu ya dola. Mwisho, ukiona bei kwenye mtandao wa kuweka nafasi, ipigie hoteli moja kwa moja. Mitandao hiyo hukata kamisheni ambayo huwa karibu asilimia 15, na meneja mwenye akili atakubali kukupunguzia sehemu ya hiyo kuliko kuwapa wao, hasa kwa usiku 8. Usiombe punguzo kwa mpokeaji, yeye hana ruhusa. Omba kuzungumza na meneja, saa nne asubuhi au saa tisa mchana, nyakati ambazo hapokei wala hatoi wageni.


BinKisauni

Mpokeaji wa Zamani, umenisomesha. Habari ya jua na mawingu ya Julai isingenijia akilini hata kidogo, kwani kwetu jua haliombwi.

Nimeipigia hoteli ya kwanza katika orodha yangu. Kijana wa mapokezi alikubali kutuma video, akaanzia kwenye taulo za bata, akazunguka chumba kizima taratibu, na alipofika dirishani akakata. Nilipomkumbusha pazia alisema kamba yake imeharibika. Nimeifuta orodhani.


Kijana wa Eastleigh

Nashangaa hakuna aliyetaja Eastleigh. Kwa shilingi 4,000 mama atapata chumba kipana katika jengo jipya, lifti mbili, msikiti hatua chache kutoka mlangoni, na nyama ya mbuzi ambayo hakuna haja ya kuuliza imechinjwaje. Hoteli zetu zimezoea familia zinazokuja kwa matibabu kutoka Garissa, Wajir, hata Mogadishu, na wahudumu wanajua kumshika mzee mkono bila kuambiwa. Kutoka huku unapitia Pangani, unaingia Barabara ya Profesa Wangari Maathai, ambayo wengi bado tunaiita Forest Road, na umefika Parklands.


MwenyejiWaParklands

Kijana wa Eastleigh, vyumba vyenu sivikatai, na ukarimu wenu naujua. Ninachokataa ni hilo neno «umefika». Umefika saa ngapi? Kutoka First Avenue ya huko kwenu Eastleigh hadi Pangani peke yake saa mbili asubuhi ni kisa kizima, malori ya mizigo yakishusha bidhaa katikati ya njia. Mgonjwa wa magoti aliyekunja miguu ndani ya teksi kwa dakika hamsini anashuka akiwa amezidi kuumia. Na atafanya hivyo siku 8, kwenda na kurudi.


Dereva wa Usiku

Nawabeba wageni wa hoteli hizi karibu kila siku, basi niamue ugomvi huu kwa saa badala ya maneno. Eastleigh hadi Parklands Jumapili asubuhi ni dakika kumi na tano. Jumatatu saa mbili asubuhi nimewahi kutumia saa moja kamili. Kama miadi ya mama ni saa tano mchana, Eastleigh inawezekana na pesa utakayookoa ni ya kweli. Kama ni saa mbili, usijaribu. Tena hesabu teksi. Chumba cha 4,000 ukiongeza teksi ya kwenda na kurudi kila siku kinakuwa ghali kuliko cha 5,000 ambacho mama anatoka kwa miguu.

Sasa kuhusu kufika. Mkija kwa treni, chukueni ile ya asubuhi inayoondoka Miritini saa mbili, ambayo huingia Syokimau mnamo saa nane mchana, na hiyo ndiyo saa ambayo hoteli nyingi huanza kutoa funguo. Ile ya saa nne usiku hufika kabla ya kupambazuka, na mtakaa kwenye viti vya mapokezi na mabegi hadi mchana, au mtalipishwa nusu siku. Nimeshuhudia wazee wamelala wamekaa kwenye kochi la mapokezi huku chumba chao kikiwa hakijasafishwa, na si kosa la hoteli, kwa kuwa mgeni aliyetangulia hajatoka.

Kutoka kituoni mwombeni dereva apite barabara ya juu, ile ya kulipia iliyofunguliwa Mei 2022 kutoka Mlolongo hadi Westlands, kilomita 27. Teremkeni Museum Hill kama hoteli iko Parklands, msiende hadi mwisho wake mkarudi nyuma. Ada ya barabara hulipwa na abiria juu ya nauli, kwa hiyo mwulize dereva kabla ya kuwasha gari kama ameihesabu, ili msije mkavutana getini mama akiwa ndani.


Mama Pacha

Ndugu yangu, mimi niliuguza mume wangu baada ya upasuaji wa nyonga, nikachagua nyumba ya kukodi kwa siku huko Kilimani badala ya hoteli, kwa kuwa nilitaka jiko. Nilichemsha uji saa ninayotaka, nikafua, nikapika mchuzi usio na chumvi kama daktari alivyoagiza, na nililipa shilingi 4,500 kwa vyumba viwili. Kwa mtu anayekaa usiku 8, jiko si anasa.

Lakini nikueleze na siku ya tatu. Umeme ulikatika saa tisa mchana tukiwa tumetoka hospitali, nyumba ikiwa ghorofa ya saba. Mlinzi aliniambia jenereta ipo ila mafuta yamekwisha, na mwenye nyumba hapokei simu. Tulikaa kwenye ngazi za chini, mume wangu ameegemea ukuta, hadi saa moja usiku. Hotelini ningekuwa na mtu wa kumgombeza. Katika nyumba ya kukodi kulikuwa na nambari ya simu inayoita bila kupokewa. Kama utachukua nyumba, iwe ya ghorofa ya chini au ya kwanza, na msimamizi awe anaishi humo humo ndani ya ua.

Halafu mletee mama soksi na shali. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai joto hushuka hadi nyuzi 12 au chini ya hapo. Vyumba vya bei hii havina vipasha joto. Omba blanketi la pili siku ya kwanza, kabla wengine hawajayamaliza.


Katekista Mstaafu

Je, mmefikiria nyumba za wageni za makanisa? Kuna ya Kianglikana Upper Hill, Flora Hostel ya masista Fifth Ngong Avenue, na ya Wamethodisti Oloitokitok Road. Ni safi, zina bustani, na hakuna muziki wa usiku. Nimelala katika mojawapo pamoja na ustadhi mmoja kutoka Isiolo aliyekuja kwa shughuli za shule, tukanywa chai meza moja, wala hakuna aliyemwuliza dini yake.


BinKisauni

Mzee wangu, nakushukuru, na mama mwenyewe amesema angefurahi kukaa penye bustani. Kinachonirudisha nyuma ni umbali, maana zote ziko upande wa pili wa bonde na Dereva wa Usiku ameshanitia hofu ya saa mbili asubuhi. Ningekuwa napeleka mgonjwa Hospitali ya Kenyatta au Nairobi Hospital ningekwenda huko bila kufikiri mara mbili.

Mama Pacha, pole kwa masaibu ya ngazi. Nyumba ya kukodi nimeiacha kwa sababu hiyo hiyo.

Sasa nimebakiwa na hoteli mbili, zote ndani ya zile avenyu. Ya kwanza ni 4,800 pamoja na kifungua kinywa, ila kodi ni juu yangu. Ya pili ilitajwa 6,000, kila kitu ndani. Nimeomba kuzungumza na meneja wa hiyo ya pili saa nne asubuhi kama nilivyoelekezwa, nikamweleza hali ya mama na idadi ya usiku, akashuka hadi 5,200, kodi na tozo zikiwa ndani. Ile ya 4,800, nikiongeza asilimia 18, inafika 5,664. Kwa hiyo iliyoonekana ghali ndiyo rahisi. Wanataka malipo ya awali ya usiku mbili kwa M-Pesa, na nambari waliyonipa ni ya simu ya mtu. Ni kawaida?


Mpokeaji wa Zamani

Si kawaida, na usilipe bado. Hoteli iliyosajiliwa ina nambari ya till au ya paybill, na jina la biashara huonekana kwenye simu yako unapolipa. Mpigie meneja kwa nambari ya mezani au ile iliyoandikwa kwenye bango lao, usipige ile iliyokuletea ujumbe, kisha umwambie kwa upole kwamba unahitaji kulipia kwenye till na kupata risiti. Inawezekana ni mpokeaji anayejitafutia, na inawezekana vilevile kwamba simu ya hoteli imeharibika. Majibu yake yatakuonyesha.


BinKisauni

Meneja ameomba radhi na kunipa till, na jina lililotokea ni la hoteli. Kuhusu nambari ya kwanza alisema tu, «Hiyo tutaishughulikia hapa ndani.» Nimelipa usiku mbili. Video nimeipata: pazia limefunguliwa, nyuma yake kuna ukuta wa jirani, mwembe mmoja na kamba ya kuanikia nguo. Sijawahi kufurahia ukuta namna hii. Na Ijumaa saa nne usiku nilipiga, nikasikia saa ya ukutani ya mapokezi ikigonga.


MsomajiKimya

BinKisauni, Julai imepita na sisi tuliokuwa tunafuatilia tumebaki tunasubiri. Nina shangazi anayekuja Septemba kwa shughuli kama hiyo. Mambo yalikuwaje?


BinKisauni

Samahani kwa kuchelewa, tulirudi Mombasa na kazi ikanizonga. Nitaeleza yaliyo mazuri na yaliyo mabaya.

Tulifika saa tisa kasoro mchana, chumba cha ghorofa ya kwanza kikiwa tayari, nambari ileile iliyoandikwa kwenye ujumbe. Usiku wote 8 mama alilala, isipokuwa usiku wa Jumamosi ambapo jirani wa ukuta ule alikuwa na harusi, na wimbo wa mwisho ulizimwa saa sita. Maji ya moto alfajiri yalikuwepo siku saba kati ya nane. Siku ya tano umeme ulikatika, na mhudumu wa zamu, dada mmoja wa Kitui, alileta birika mbili za maji kutoka jikoni bila kuombwa mara ya pili. Lifti ni nyembamba mno, mtu na mkongojo wake na begi moja basi, lakini jenereta iliiendesha. Bafu lilikuwa na kizingiti cha urefu wa kiganja ambacho hakikuonekana kwenye video. Nilimshika mama mkono kila mara hadi wakaleta mkeka wa mpira, na kama ningeanza upya ningeomba video ya sakafu ya bafu pia.

Kutoka getini hadi hospitali mama alitembea dakika kumi na mbili siku ya kwanza, akipumzika mara mbili kwenye ukuta mfupi wa zahanati. Siku ya mwisho alipumzika mara moja. Chakula cha mchana tulikula Diamond Plaza, chakula cha jioni mama aliletewa supu chumbani. Alilalamikia chai peke yake. Alisema ni maji yaliyopita karibu na majani, na kuanzia siku ya tatu aliteremka mwenyewe hadi mlango wa jikoni na mdalasini wake aliotoka nao nyumbani.

Kwa jumla nililipa shilingi 41,600 za chumba, na risiti ilikuwa na kila kitu ndani. MsomajiKimya, jina la hoteli nimekutumia kwa ujumbe wa faragha, kwa kuwa meneja alinipa bei hiyo kwa mazungumzo na sitaki kumletea watu hamsini wanaoidai. Omba chumba cha nyuma, upande wa mwembe. Daktari ametaka kumwona mama tena wiki ya pili ya Oktoba, kwa hiyo kama shangazi yako ataahirisha safari hadi mwezi huo, tafadhali asikichukue kile cha ghorofa ya kwanza.